Hedifoni za Mama Gedion

Kaseti ilifika Githongo, huko Meru, ndani ya kiondo cha viazi vitamu, imeviringishwa kwa kitambaa cha meza, na ilitumwa na adui. Adui mwenyewe alikuwa mwanamke mchangamfu wa mjini Embu aitwaye Marcella. Huyu Marcella alikuwa shangazi yake Njoki, na Njoki ndiye msichana ambaye Gedion alikuwa ameapa kwamba asipomwoa atakwenda kuwa padri. Kwa kuwa ukoo mzima ulikuwa wa Kimethodisti, tishio hilo lilichukuliwa kwa uzito.

Gedion alikuwa mwalimu huko huko Embu, na ndiye aliyeleta kiondo.

"Shangazi anasema nyimbo zote za langoni ziko humo, maswali na majibu," alimwambia mama yake, Karwirwa. "Anasema mjifunze mapema. Kuna wakwe wengine walikuja hawajui kujibu, wakasimamishwa nje mpaka chai ikapashwa moto mara ya pili."

Mambo yenyewe yako hivi. Watu wa kijana wanapokwenda kuomba msichana, hawasukumi lango na kuingia kama wanaoingia sokoni. Lango hufungwa. Wanawake wa kwao msichana husimama ndani, wanawake wa kwao kijana husimama nje, na mazungumzo yote hufanywa kwa wimbo. Wa ndani wanauliza, wa nje wanajibu. Ukijibu vizuri, unafunguliwa. Ukijibu vibaya, jua ni lako. Na anayeongoza wale wa nje, anayesimama mbele kabisa huku pua yake ikikaribia kugusa mabati ya lango, ni mama wa kijana.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Karwirwa hakumzaa Gedion. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baadaye Kiunga, baba yake, alipomwoa Karwirwa, bibi harusi aliingia nyumbani akakuta zawadi yake imekaa chini inalia, ina kamasi mpaka kidevuni. Akaibeba. Baadaye alizaa mabinti, lakini hakuna aliyewahi kumwita kwa jina la binti yeyote. Soko zima lilimwita Mama Gedion, na yeye aliitika bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho.

Lakini watu ni watu. Mwaka mzima wataimba kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, halafu siku ya shughuli ikifika wanaanza kupima damu kwa kibaba. Katika kikao cha ukoo, mjomba mmoja alikohoa, akasema kwamba pengine ingefaa Nkirote wa Mikinduri aongoze langoni. Nkirote alikuwa dada mkubwa wa marehemu, na sauti yake ilijulikana soko zima la huko, kwani alikuwa akiuza ndizi na hakuhitaji kupiga kengele. "Damu ni damu," mjomba alisema. Kiunga akachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

"Nitaongoza mimi," Karwirwa alisema, na papo hapo akaogopa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kiembu na Kimeru ni ndugu, lakini ni ndugu wa kukutana matangani, na nyimbo zilikuwa za Kiembu. Akikwama pale langoni mbele ya wakwe, hakuna atakayesema kwamba lugha ilimshinda. Watasema, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho, kwamba basi, hakuwa mama.

Alijaribu kujifunza kwa redio kubwa ya sebuleni. Haikufaa. Kila alipoweka kaseti, nyumba nzima iligeuka kuwa mabingwa wa Kiembu. Kiunga, ambaye hakuwahi kuimba chochote isipokuwa nyimbo za kanisani, na hizo kwa kuchelewa, alianza kumsahihisha. Karwirwa akachukua ile redio ndogo ya kaseti ya mfukoni aliyoacha Gedion, akafunga leso kichwani, akaenda Meru mjini kutafuta hedifoni.

Duka la Kathuri lilikuwa jembamba, limejaa redio na pasi za umeme mpaka juu kwenye dari. Kathuri alikuwa kijana wa maneno mengi na shati la maua.

"Mama, chukua hii," alisema, akishusha hedifoni nyeusi, kubwa kama vikombe viwili vya uji. "Hii imefungwa kabisa. Ukivaa hii, hata lori ikianguka hapo nje wewe hutajua."

Akamwekea kaseti ya gitaa ili ajaribu. Karwirwa alifumba macho. Alikuwa amesikiliza muziki maisha yake yote, lakini ng'ambo ya chumba, ukipita kwanza katika sufuria na watoto na kuku. Sasa uliingia ndani yake. Besi ilimpiga kifuani, gitaa likatembea kutoka sikio hili hadi lile, na akacheka kwa sauti pale dukani kwa raha tupu. Hakuuliza kama kuna nyingine. Alizilipia akaenda nazo, na huko nyumbani akazificha ndani ya debe la unga.

Asubuhi iliyofuata aliingia katika mibuni yake kuchuma kahawa, hedifoni zimefichwa chini ya leso, redio mfukoni mwa aproni. Huko, alifikiri, hakuna wa kumsikia. Akabonyeza. Wanawake wa Embu wakamwimbia katikati ya ubongo, naye akawajibu kwa nguvu zake zote. Alichuma kahawa nyingi kuliko siku nyingine, na alijiona anaimba vizuri ajabu. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mpaka Jumapili alikuwa ameshawasamehe watu wote wa kikao.

Jumapili hiyo, nje ya kanisa, wanawake wawili walimpita wakiguna wimbo wa langoni. Mwingine akaumalizia. Halafu wakaangua kicheko na kuegemeana.

"Kwani nini?" Karwirwa alimuuliza Kiunga njiani.

Kiunga alitembea kwanza kidogo. "Mama Gedion, hiyo kitu ukivaa, wewe unajisikia?"

"Nasikia kaseti."

"Sisi ndio tunakusikia wewe. Kaseti hatuisikii." Akajikuna shingo. "Na hata hao wa ng'ambo ya mto wanakusikia. Juzi mtu aliniuliza kama ng'ombe wetu amekwama mahali."

Karwirwa alitaka ardhi ipasuke immeze na kahawa yake. Siri aliyoificha kwenye debe la unga ilikuwa imetangazwa kwenye mabonde mawili, tena kwa sauti iliyopinda. Usiniulize ingechukua muda gani kufika Mikinduri. Habari mbaya ina miguu. Hii ilikuwa na magurudumu.

Alirudi kwa Kathuri na hedifoni chini ya kwapa.

"Zimeharibika?" Kathuri aliuliza.

"Hazijaharibika. Shida ni kwamba zinafanya kazi. Mimi nataka nisikie kaseti, na nijisikie mimi nikiimba. Nikienda kombo nijue mwenyewe kabla kijiji hakijajua."

Kathuri alimletea nyingine, ndogo, nyepesi, zenye sponji ya rangi ya chungwa. Karwirwa akavaa, akaimba kidogo. Naam, sauti yake aliisikia vizuri sana. Alisikia pia baiskeli, mahubiri ya mtu aliyekuwa akihubiri barabarani, na fundi cherehani aliyeketi mlangoni. Kaseti yenyewe ilikuwa mbali kama imefungiwa stoo. Akaongeza sauti, na yule fundi akaanza kuitikia wimbo huku akishona.

"Hii ni kipaza sauti," Karwirwa alisema akizivua. "Unataka kunimaliza."

Kathuri alipanda stuli, akapekua nyuma kabisa, akashuka na jozi ya tatu. Vikombe vyake vilikuwa vya wastani, na migongo ya vikombe ilikuwa na matundu madogo madogo kama chujio la chai.

"Hii hapa inaitwa semi-open. Nusu imefungwa, nusu iko wazi. Watu hawapendi, wanasema besi yake si nzito. Tena haina boksi, ndiyo maana bei yake iko chini."

Karwirwa alikuwa amejifunza adabu ya kununua. Safari hii hakukimbilia kucheka. Aliweka kwanza ile kaseti ya gitaa, na kweli, besi haikumpiga kifuani, ila ilimgusa begani tu kwa heshima. Lakini waimbaji walikuwa wazi, kila mmoja na mahali pake, na nafasi ilikuwapo katikati yao ya mtu mwingine kusimama. Akaweka kaseti ya Marcella. Akaimba. Akaisikia sauti yake ikiingia kati ya zile za Embu, akaisikia inapanda mno, akaishusha, na ikakaa. Akamgeuzia Kathuri mgongo.

"Niite," alisema. "Polepole."

"Mama," Kathuri aliita kwa sauti ya kawaida.

"Ehe," Karwirwa akaitika, bila kuacha kuimba.

Ni kama mlango wa jikoni kwake, aliwaza, ule uliokatwa katikati. Nusu ya chini unaifunga kuku wasiingie, nusu ya juu unaiacha wazi uone nani anakuja. Akarudisha zile kubwa, akaongeza mkungu wa ndizi aliokuja nao, na Kathuri, aliyekuwa amepata burudani ya bure asubuhi nzima, hakubishana sana.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Sasa alijisahihisha mwenyewe, hatua kwa hatua, na sauti ilinyooka. Siku moja, akiwa kati ya mibuni, aliimba mstari wa kuongoza, na kabla kaseti haijajibu, jibu likatoka upande wa shamba la jirani. Wale wale wanawake waliomcheka kanisani walikuwa wameinamia mibuni yao, wanaitikia. Walikuwa wameushika wimbo wote kwa ajili ya kumdhihaki, na sasa ulikuwa umewakaa. Karwirwa hakuvua hedifoni. Aliimba mstari wa pili, wakajibu, na wengine wakajibu kutoka ng'ambo ya mto. Kwa asubuhi nzima kahawa ya Githongo ilichumwa kwa Kiembu.

Lakini kulikuwa na ubeti mmoja.

Katika ubeti huo wa ndani wanauliza, nikiuweka kwa Kiswahili: *Wewe uliye mbele, wewe ni nani kwa kijana huyu?* Na wa nje anajibu: *Mimi ndimi niliyemzaa, uchungu wake naujua.*

Kwa zile hedifoni kubwa alikuwa ameuimba ubeti huo kila siku bila wasiwasi. Alikuwa hajisikii. Sasa alisikia sauti yake mwenyewe, wazi, karibu, ikisema niliyemzaa, naye akakatiza wimbo. Akarudisha kaseti nyuma. Akaanza tena, akakatiza pale pale. Alijaribu kuusema kwa haraka, akajaribu kwa upole, na kila mara sauti ilifika kwenye neno hilo ikageuka nyuma kama ng'ombe aliyeona nyoka. Aliumia. Alikuwa amemlea mtoto yule kwa surua na kwa kikohozi, alikuwa amemfundisha kutembea kwenye matope ya mashamba haya haya, na wimbo haukuwa na nafasi ya neno lolote kati ya hayo. Ulikuwa na nafasi ya neno moja tu, na neno lenyewe halikuwa lake.

Siku moja kabla ya safari, Nkirote alifika kutoka Mikinduri na mizigo yake, mwanamke mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa njia. Alipoambiwa Karwirwa yuko shambani, hakungoja kuitiwa. Alimfuata huko, akakaa juu ya debe lililopinduliwa, akatazama.

"Endelea," alisema. "Nimesikia habari zako mpaka kwetu."

Karwirwa alitamani kuvua, lakini kuvua kungekuwa kukimbia. Akaimba. Na kwa kuwa hedifoni zile zilikuwa za nusu wazi, Nkirote aliyekaa karibu alisikia Embu yote kwa mbali, nyembamba kama nzi kwenye chupa, na akamsikia Karwirwa juu yake. Ubeti kwa ubeti. Walipofika pale, Karwirwa akaguna tu bila maneno, kisha akaendelea na ubeti uliofuata.

"Hapo umemeza kitu," Nkirote alisema.

"Ni koo. Limekauka."

Nkirote alichuma buni moja nyekundu, akaizungusha kati ya vidole. Karwirwa akaziteremsha hedifoni shingoni, na yaliyokuwa moyoni yakatoka yenyewe.

"Dada, labda uongoze wewe. Wewe na marehemu mlinyonya titi moja. Wewe unaweza kusimama pale na mtu asikuulize."

"Mimi?" Nkirote alisema. "Kiembu sijui hata kuomba maji." Akainuka, akajipangusa. "Tena viatu vya kesho vinabana. Sitasimama mbele. Haya, twende, njaa inaniuma."

Karwirwa hakujua kama amekubaliwa ama ameachwa peke yake.

Nyumba ya wakwe ilikuwa mtaa wa Dallas, pale Embu, na lango lake lilikuwa jeusi, jipya, refu. Wanawake wa Githongo walishuka kwenye lori la kukodi wakiwa wamekunjika kwa safari, wakanyoosha leso, wakajipanga. Karwirwa mbele. Nkirote nyuma yake, akinuna kwa ajili ya viatu. Wanaume walikaa kando na suti zao, na Gedion kati yao, aliyekuwa ameonywa na kila mtu asifungue mdomo, kwa sababu kijana anayezungumza langoni ni kijana aliyekosa malezi.

Kutoka ndani, sauti ya Marcella ikapaa. Haikuwa ya kaseti tena. Ilikuwa kubwa, na ya furaha, na ya vita.

*Ni nani anabisha, na mbona vumbi ni jingi?*

Karwirwa akajibu, na nyuma yake Githongo yote ikaitikia, kila neno mahali pake, mpaka upande wa ndani kukasikika mtu akisema, "Ha, hawa wamesoma." Wimbo ukashika moto. Waliulizwa wametoka wapi, wakajibu. Waliulizwa kama mlima bado uko pale, wakajibu umewatuma na salamu. Majirani wa Dallas walitoka nje wakasimama barabarani, na mama mmoja mpita njia mwenye mfuko wa sukumawiki akajiunga upande wa Githongo bila kualikwa. Karwirwa alikuwa hana hofu hata kidogo. Alikuwa anawasikia wa ndani, anajisikia mwenyewe, anawasikia wa nyuma, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka miguuni.

Ndipo Marcella akauliza.

*Wewe uliye mbele, wewe ni nani kwa kijana huyu?*

Wa nyuma walikuwa tayari kuitikia. Jibu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Karwirwa alifungua kinywa, akavuta pumzi, na akaimba kwa sauti ile ile ya wimbo, polepole, maneno ambayo hayakuwa kwenye kaseti:

*Mimi sikumzaa. Nilimkuta analia, nikambeba. Nikambeba, na mpaka leo sijamtua.*

Hakuna aliyeitikia. Hawakuujua mstari huo. Upande wa wanaume, mjomba wa kikao akaacha kukohoa katikati. Karwirwa akasimama mbele ya yale mabati meusi akijiambia kwamba basi, amekwisha kuharibu.

Marcella aliposhika wimbo tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. Lakini alikuwa mlinda lango, na swali lazima liulizwe.

*Na aliyemzaa yuko wapi, mbona hakuja?*

Hilo Karwirwa hakuwa amelifikiria. Ndipo mkono mzito ukamshika begani kutoka nyuma, na sauti iliyozoea kuvuka soko la Mikinduri ikapita juu ya kichwa chake. Haikuimba kwa Kiembu. Iliimba kwa Kimeru, taratibu, na kila mtu alielewa:

*Amelala Githongo, mibuni inamfunika kivuli. Mimi ni dada yake. Nimekuja na viatu vinavyonibana, nisimame nyuma ya mama wa mtoto.*

Kitasa kililia. Karwirwa alitaka kuendelea na ubeti uliofuata, kwa kuwa alikuwa amejifunza zote na ule wa mwisho ndio uliokuwa mzuri kuliko zote, lakini hapakuwa na mtu wa kumuuliza tena. Lango lilikuwa wazi, Marcella alikuwa amemkumbatia mpaka leso ikaanguka, Nkirote alikuwa amevua viatu, na Gedion, mbele ya wakwe wote, alikuwa akilia kama siku ile ya kwanza, na Karwirwa akaenda kumfuta kamasi.